Nani Amfunze Nini

 

Wahitimu, mmesomea mawasiliano na elektroniki. Baadhi yenu mtakwenda kwenye kampuni za simu, wengine bandarini, na najua wapo wachache mlioitwa na vyombo vya usalama. Hao wachache ndio walionifanya nibadilishe hotuba niliyokuwa nimeiandika. Nataka kusema juu ya swali ambalo idara za ujasusi zimehangaika nalo tangu redio ilipoingia kazini mwao: kazi ya ufundi ikishamzidi mtu mmoja, nani amfunze kijana, na amfunze nini?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Shule ya Allidina Visram nyote mnaijua. Aprili 1942, ndege za Japani zilipoishambulia Colombo, Waingereza waliihamisha ofisi yao iliyokuwa ikinasa na kusoma ujumbe wa siri wa majini wa Wajapani. Ilikuwa imeshaikimbia Singapore, sasa ikaikimbia na Colombo. Wakaileta hapa Mombasa, wakaiweka katika shule ile, ikajulikana kwa jina la Kilindini. Mahali ambapo watoto walikuwa wakikariri hesabu, watu wazima wakaketi na karatasi zilizojaa tarakimu.

Sasa fikirieni ujumbe mmoja tu. Meli ya Kijapani inautuma huko mbali, mashariki ya Bahari ya Hindi. Hapa unamhitaji mtu wa kwanza, mwenye vipokea-sauti masikioni, anayezijua alama za Morse za Kijapani. Hizo si zile 26 za alfabeti ya Kilatini, ni zaidi ya 40, na mawimbi yakifika Mombasa yalikuwa yameshachoka, hafifu, yamechanganyika na mikwaruzo. Unamhitaji wa pili, wa kulifumbua fumbo. Kisha unamhitaji wa tatu, anayesoma Kijapani, aseme maneno yale yana maana gani. Watu watatu, ufundi wa aina tatu, na si rahisi mmoja kuifanya kazi ya mwenzake.

Nani aliwafunza? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu jibu halikuwa shule moja. Wasikilizaji walifunzwa na jeshi la majini lenyewe, na miongoni mwao walikuwamo wanawake, wale walioitwa Wrens. Ufumbuzi wa mafumbo ulifunzwa na vitengo vilivyoufanya, kule Bletchley Park, makao ya wafumbuzi wa Uingereza. Lugha ikapewa mlango wake wa peke yake. Februari 1942, katika mji wa Bedford, juu ya duka la kampuni ya gesi, nahodha mstaafu wa majini aitwaye Oswald Tuck alianza kuwafundisha Kijapani vijana ambao wengi wao walikuwa wamesoma Kilatini na Kigiriki. Alipewa miezi sita. Wasomi wa lugha waliona jambo hilo haliwezekani. Lakini Tuck na John Tiltman, aliyeianzisha fikra hiyo, walikuwa wamejiuliza swali sahihi: huyu kijana atakwenda kufanya nini? Hakuhitaji Kijapani cha sokoni wala cha karamuni. Alihitaji Kijapani cha maandishi, kile cha telegramu za kijeshi. Wakakata hapo, wakafunza hicho tu, na kikafunzika.

Baadhi ya vijana wale walipitishwa Bletchley, kisha wakapandishwa meli hadi hapa. Mmoja wao, Hugh Denham, aliandika baadaye kumbukumbu za njia hiyo aliyopita: Bedford, Bletchley, Kilindini, Colombo. Mimi naiona orodha hiyo kama cheti cha kweli cha kazi yake. Bedford ilimpa lugha, Bletchley ikamwonyesha mafumbo, Kilindini ikampa kazi yenyewe, kila mahali pakibeba mzigo wake. Hakuna aliyedai kuubeba wote.

Septemba 1942, wafumbuzi wa Kilindini wakapata mwanya. Mwendeshaji mmoja wa Kijapani alisahau kutaja mahali meli ilipokuwa. Badala ya kutuma nyongeza, aliurudia ujumbe wote kwa funguo zilezile, safari hii akiwa ameongeza longitudo na latitudo. John MacInnes na Brian Townend waliziweka karatasi mbili bega kwa bega, na fumbo la meli za biashara lililoitwa JN-40 likafunguka. Jina la yule msikilizaji aliyeunasa ujumbe wa pili silijui, lakini namfikiria sana. Angeweza kusema, huu nimeshauandika, akapumzisha mkono. Aliuandika wote tena. Mtu huyo alifunzwa na mwalimu ambaye pengine hakuwahi kufumbua fumbo hata moja.

Mwanzoni, ofisi ikiwa bado ndogo, mafunzo hayahitaji mgawanyo huo. Marekani mwaka 1930, William Friedman alipoanzisha ofisi ndogo ya kazi hii, aliajiri vijana wachache wa hisabati akawafunza mwenyewe. Ofisi ya watu saba inafunzika hivyo. Ikifika maelfu, bosi hawezi tena kuwa mwalimu, na hapo ndipo mivutano huanza. Chuo kinataka kufunza kila kitu kwa sababu ndicho chuo. Vitengo vinasema chuo hakijui vifaa vyao wala siri zao. Mimi nasimama katikati kwa makusudi: msingi ni wa chuo, chombo ni cha kitengo, mazoea ni ya kituo. Lakini mipaka hiyo lazima iandikwe na isomwe na pande zote. Niwaambie kwa nini nina uchungu na jambo hili.

Nilipomaliza masomo yangu, nilipelekwa kwenye kituo kimoja cha redio za meli. Chuoni, mwalimu alituambia namna ya kuandika kitabu cha zamu tutafunzwa kituoni, kwa kuwa kila kituo kina taratibu zake. Kituoni, siku ya kwanza, nikaambiwa, hayo si mmeshafunzwa chuoni? Nikanyamaza. Niliona haya.

Usiku mmoja niko zamu, saa kumi na moja na robo alfajiri, boti ya wavuvi ikaita. Sauti ya mzee, imekauka. Akasema injini imezima tangu saa mbili, na mkondo unawachukua. Nikaandika kwenye kitabu: 02:00. Aliyenipokea zamu akasoma kama kitabu kinavyosomwa, kwa saa za Greenwich. Saa nane usiku za Greenwich ni saa kumi na moja alfajiri kwetu, kwa hiyo kwake injini ilikuwa imezima robo saa tu kabla ya mzee kuita. Mzee alimaanisha saa mbili usiku, yaani 17:00 Greenwich. Nilizifuta saa tisa kwa tarakimu nne. Waokoaji wakahesabu mwendo wa mkondo kwa saa hizo pungufu, wakatafuta kusini, na boti ilikuwa imeshasukumwa mbali kaskazini.

Walipatikana kesho yake, wazima, midomo imepasuka kwa kiu. Kikaitwa kikao. Kituo kikasema ni kosa la chuo, chuo kikasema ni la kituo, na wote wawili walikuwa na karatasi za kuthibitisha. Mimi sikuulizwa kwa nini niliona haya kuuliza. Ningeulizwa, ningesema ukweli: nilidhani cheti changu kinanikataza.

Basi ninyi mnaokwenda kwenye ofisi ambako hata mwenzako wa meza ya pili haruhusiwi kujua unachofanya, hatari hii kwenu ni kubwa zaidi. Siri huficha makosa ya mafunzo kama inavyoficha mengine yote. Juma la kwanza, mwulize mkubwa wako kitu gani anaamini umeshafunzwa. Kiandike chote. Kisha mwonyeshe, bila kuona haya, ambacho hukufunzwa. Na siku utakapopewa kijana wa kumwelekeza, usingoje akuulize.

Mkuu wa chuo, baada ya kikao kile fundi mmoja mkongwe wa kituo chetu, ambaye hakuwa mwalimu wala hakupewa jukumu hilo na mtu, alichukua kadibodi akapiga mistari kwa rula. Safu tatu: saa za Greenwich, saa za Afrika Mashariki, na saa zetu za Kiswahili, mchana na usiku. Akaibandika juu ya redio. Alipostaafu alinipa. Kingo zimelika na wino umefifia, ila inasomeka. Naomba ibandikwe katika maabara yenu ya redio, hapo mlangoni, kila mwanafunzi aione akiingia.