Maporomoko ya Maji ya Nyahururu



Nimeombwa niwaeleze habari za mahali panapostahili kutazamwa, wala hapako mbali na sisi tulio Nakuru. Mahali hapo ni Nyahururu, mji ulio katika nyanda za juu, kaskazini kidogo ya mstari wa Ikweta. Sifa yake kubwa ni maporomoko ya maji.

Mtu atokaye Nakuru hupita Bahati, kisha huteremkia bonde la Subukia lenye mashamba mazuri, na baadaye barabara hupanda mlima. Afikapo juu ataona baridi, kwa kuwa mji huo uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Asiyechukua koti atajuta. Hewa hiyo ndiyo aliyoizoea Samuel Wanjiru, mwenyeji wa huko, aliyeshinda mbio za marathoni katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008.

Maji yenyewe ni ya mto Ewaso Narok, utokao upande wa milima ya Nyandarua. Ufikapo kando ya mji, ardhi hukatika ghafula, na mto huanguka mita 74, yaani futi 243, ndani ya korongo lenye miti mingi. Mvumo husikika kabla maji hayajaonekana. Iko njia ya kushuka hadi chini, lakini ni ya mawe na utelezi. Watoto na washikwe mkono, wala mtu asisimame ukingoni kwa ajili ya kupigwa picha.

Mwaka 1883 alipita huko Joseph Thomson, Mskoti wa umri wa miaka 25, pamoja na msafara wa wapagazi wa Unguja na Pwani. Maporomoko yakaitwa Thomson, na mji uliojengwa baadaye ukachukua jina hilo. Lakini tusidhani kwamba yeye ndiye aliyeyavumbua. Wamasai walikuwa wakinywesha ng'ombe wao katika mto huo tangu zamani, na jina lake ni la lugha yao, maana yake mto mweusi.

Sasa nataka kusema neno moja zito. Juu ya maporomoko kuna bwawa la matete, wanamokaa viboko. Wengine huliona kuwa ni ardhi ya bure, lakini lina kazi kubwa: hunywa maji ya mvua kama sifongo, kisha huyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Likikaushwa kwa kulimwa, mto utafurika masika na kukauka kiangazi. Hasara hiyo haitakuwa ya watazamaji peke yao. Mto huu hupita Rumuruti, huungana na Ewaso Ng'iro, na huendelea hata nchi kavu ya kaskazini, ambako mfugaji hana kisima kingine cha kutegemea. Mkulima wa juu akiziba maji, ng'ombe wa chini hufa, na majirani hugombana.

Kwa hiyo, nendeni mkayatazame maporomoko hayo, mkawachukue na watoto wenu. Lakini mkiisha kuyatazama yaangukapo, tazameni pia yatokako. Bwawa na msitu vikitunzwa, wajukuu wetu nao watausikia mvumo ule.