Mwanga wa Leza na Rangi ya Maji ya Athi

(Mazungumzo kwa wanakamati wa maji na vijana wa vyuo vya ufundi kutoka Kitui na Makueni)



Nimeombwa nizungumze juu ya mawasiliano ya leza chini ya maji, na hasa kichujio cha mwanga. Najua kuna mzee hapa anayejiuliza leza inawahusu nini watu wanaochota maji kwenye mchanga wa mto. Inawahusu kwa sababu ya Bwawa la Thwake, mpakani mwa kaunti zetu mbili. Ukuta wake ni wa takriban mita 80, na mto Athi unaoliingia hupokea maji machafu ya Nairobi. Maji yenye kina namna hiyo hayatoshi kupimwa juu juu. Lazima vipimo vishuke chini, kisha vitume habari juu. Waya hukatika na hunaswa na magogo. Mawimbi ya redio hufifia upesi majini. Sauti hufika mbali, lakini hubeba habari kidogo. Ndiyo maana wataalamu wamegeukia leza, inayobeba habari nyingi kwa haraka.

Tatizo ni jua. Kipokezi kilicho majini mchana huona mwanga wa jua pamoja na mwali wa leza, na jua humeza ujumbe. Kwa hiyo mbele yake huwekwa kichujio: kioo kilichopakwa tabaka nyembamba mno za madini, moja juu ya nyingine, zinazopitisha rangi ya leza na kurudisha nyingine. Ni kama chekecheo la unga, ila hili huchagua rangi.

Rangi gani basi? Vitabu vingi vitakwambia buluu, kwa sababu katika maji safi ya bahari kuu buluu ndiyo inayofika mbali. Lakini maji yenye mwani na udongo hunyonya buluu zaidi, na hapo kijani, au hata kijani kinachoelekea manjano, hufanya kazi vizuri kuliko buluu. Katika maji safi ya bahari kuu, kila mita hubakisha takriban asilimia 86 ya mwali. Katika maji machafu ya bandarini hubaki kama asilimia 11. Baada ya mita tatu za maji hayo ya bandarini, mwali uliobaki ni kama sehemu moja kati ya elfu. Sasa fikirieni silanga zetu baada ya mvua kubwa, maji yakiwa mekundu kama chai ya maziwa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji sana. Kichujio chembamba kabisa kinataka mwanga uje moja kwa moja. Ukija kwa mshazari, rangi inayopita husogea kuelekea buluu. Katika maji ya matope, mwali wa leza hugonga chembe za udongo na kutawanyika, ukafika kipokezini kutoka pande nyingi, na kichujio hukataa sehemu ya ujumbe wenyewe. Kwa hiyo kifaa cha bei ghali zaidi chaweza kuwa kibaya zaidi kwa maji yetu. Mtu akikuletea karatasi inayosema kifaa kinafika mita 100, muulize: katika maji gani?

Swali hilo hatuwezi kulijibu bila kupima maji yetu wenyewe. Kipimo cha kwanza ni rahisi: sahani nyeupe ya sentimita 30 kwenye kamba, unaishusha mpaka isionekane, unaandika kina. Padri Angelo Secchi alifanya hivyo mwaka 1865, na bado hufanywa. Cha pili ni mashine ya kupima ukungu wa maji. Kiwango kimoja cha kimataifa hutumia mwanga wa infraredi wa nanomita 860, ili rangi ya maji isidanganye kipimo, na huhesabu ule unaotawanywa pembeni. Vijana wa umeme, hicho ni kifaa mnachoweza kukielewa chote, taa, kichujio na kipokezi, kabla hamjagusa leza.

Akina mama, mtanisamehe nikirudia hili. Maji maangavu si lazima yawe salama. Mwanga hauoni risasi wala zebaki iliyoyeyuka, na vijidudu vichache hupita bila kuonekana. Bwawa la mchanga hutoa maji maangavu kuliko silanga, nalo bado lapaswa kupimwa maabara.

Ombi langu: kila kamati ichague sehemu moja ya mto au silanga na ipime kina cha sahani kila wiki, kuanzia kabla ya mvua za Oktoba hadi zitakapokwisha. Andikeni tarehe, saa, na kama kulikuwa na mawingu. Daftari liletwe katika ofisi ya maji ya kaunti yenu mwezi wa Januari.