KWA NINI GARI LETU LILIGOMA KILA LIKIJAZWA PETROLI
(Maelezo ya dereva wa ushirika mbele ya wanachama. Yameandikwa kwa ajili ya waliokuwa shambani.)



Gari letu mnalijua. Likijazwa petroli Mbamba Bay, haliwaki. Unapiga starta wee, linakohoa, linazima, mnashuka kusukuma. Tangi likipungua linawaka vizuri. Ndipo maneno yakaanza, eti dereva ananunua petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, chenji anatia mfukoni. Nikakatwa mshahara.

Sasa sikilizeni. Petroli hutoa mvuke, hasa kwenye joto kama la kule ziwani, na gari likipanda milima kuja Mbinga hutoa zaidi. Zamani mvuke huo ulipotelea hewani tu. Huko Marekani, jimbo la California lilianza kuuzuia kwa magari ya mwaka 1970, maana hewa ya miji yao ilikuwa imechafuka. Ndiyo sababu gari letu lina kopo la makaa. Ndiyo, makaa! Ila si haya ya kupikia. Haya yametengenezwa yanase mvuke. Kutoka kwenye kopo kuna mpira uendao kwenye injini, na njiani pana vali ndogo ya umeme. Gari likizimwa, vali hufunga. Injini ikishapata moto, kompyuta ya gari huifungua na kuifunga haraka haraka, mvuke ukavutwa kidogo kidogo na kuchomwa.

Yetu ilikwama wazi. Ukijaza tangi, petroli inayoingia inasukuma mvuke mwingi, nao unapita moja kwa moja mpaka kwenye injini. Mvuke ukizidi hewa, injini inasongwa.

Fundi mmoja alitaka tununue pampu mpya ya petroli. Tupime kwanza! Gari likishapoa, sigara zikiwa mbali, chomoa vali, uipulize kwa pampu ya baiskeli. Bila umeme haitakiwi kupitisha upepo. Yetu ilipitisha, na waliokuwepo waliona.

Kosa langu nalikiri: nilikuwa nashindilia petroli mpaka mdomoni mwa tangi. Ikifika kwenye makaa huyaharibu, na chembe zake huweza kukwamisha vali. Nimeacha.

Vali mpya imefungwa. Jumamosi tulijaza tangi, gari likawaka mara moja, Mweka Hazina akiwepo. Kuhusu fedha niliyokatwa, naomba iingizwe katika ajenda za kikao kijacho.