Kando ya Umati

Dominika ya 23 ya Mwaka B
Masomo: Isa 35:4-7; Yak 2:1-5; Mk 7:31-37



Ndugu wasikilizaji wapendwa, na hasa ninyi watoto mlioketi karibu na redio pamoja na wazazi wenu asubuhi hii ya Dominika.

Injili ya leo yatueleza habari za mtu kiziwi, mwenye ulimi mzito, aliyeletwa kwa Yesu katika nchi ya Dekapoli. Waliomleta waliomba Bwana amwekee mkono. Tazameni basi alivyofanya. Kwanza alimtoa yule mtu katika umati, akaenda naye kando. Kisha hakuanza kwa maneno, maana mtu yule asingeyasikia. Alianza kwa vidole, kwa kumgusa masikio na ulimi. Alitumia lugha ambayo mtu yule aliweza kuipokea. Neno lilifuata baadaye.

Ndugu zangu, naungama mbele yenu kwamba nilichelewa kuielewa Injili hii. Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja cha milimani, mama mmoja alikuwa akija Misani na mwanawe wa miaka 6. Mtoto huyo alikuwa hasemi. Ngoma na kayamba zilipoanza, aliziba masikio, akapiga kelele na kujitupa chini. Dominika moja nilikatiza mahubiri, nikamwomba mama amtoe mtoto nje. Alitoka. Hakurudi Dominika iliyofuata, wala zile zilizofuata. Katika somo la pili Mtume Yakobo awakemea Wakristo wanaompa tajiri kiti kizuri, na maskini wakamwambia asimame kule. Mimi nilimwambia mama yule akasimame nje, tena nikiwa nimevaa mavazi ya Misa.

Nilipokwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, aliniambia: "Padre, si wewe peke yako. Watoto wa jirani humwita mwanangu shetani, na wakubwa huniuliza nilimkosea nani."

Swali hilo ni la kale katika milima yetu ya Upare. Kule Mbaga liko jiwe liitwalo Malameni. Wazee husimulia kwamba zamani watoto waliodhaniwa kuleta mkosi walipelekwa huko wafe. Desturi hiyo imekoma, tumshukuru Mungu. Lakini mtoto anapofichwa chumba cha ndani wageni wanapofika, au anaponyimwa mafundisho kwa sababu hajibu, je, mawazo ya Malameni yamekoma kweli?

Mtoto yule ana hali iitwayo usonji. Daktari Leo Kanner aliieleza mwaka 1943, baada ya kuwachunguza watoto 11 huko Marekani. Kwa miaka mingi wataalamu wengine waliwalaumu akina mama, wakidai kwamba hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Walikosea. Leo twajua kwamba usonji huanza katika ukuaji wa ubongo, mara nyingi kabla ya kuzaliwa, na kwa sehemu kubwa hurithiwa katika damu ya ukoo. Hausababishwi na uchawi, wala laana, wala chanjo. Wala si tukio la nadra: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, parokia yenye waamini 2,000 yaweza kuwa na watu 15 hivi. Wako wapi kanisani?

Sasa, watoto wapendwa, nisikilizeni ninyi. Mmekwisha kusikia redio inayoshika vituo vitatu kwa mara moja? Huyu anasoma habari, yule anaimba, mwingine anatangaza mpira. Kichwa kinauma, nawe huelewi neno. Kwa baadhi ya wenzenu wenye usonji, kanisa lililojaa watu liko hivyo. Akiziba masikio, si kwamba ana shetani au hana adabu. Anaumia.

Tena mnaijua ndiva, lile bwawa la wazee wetu la kumwagilia mashamba. Maji hukusanywa usiku kucha, asubuhi yakafunguliwa. Ukifungua kabla haijajaa, shamba la mbali halipati kitu. Mwenzenu naye yuko hivyo. Muulize jambo moja, kwa maneno machache, kisha ngoja. Usimpigie kelele, yeye si kiziwi. Huenda asikutazame usoni, na bado anakusikia. Huenda akapanga mawe mstari mmoja siku nzima. Kaa karibu naye, uweke jiwe lako, mradi asikatae. Usonji hauambukizi. Na mkisikia mtu anamcheka, msicheke naye.

Enyi wazazi, mtoto asipogeuka aitwapo jina, asipoonyesha kitu kwa kidole, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo, mpelekeni hospitali mapema, kabla ya kwenda kwa mganga. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, lakini mtoto afundishwaye kwa subira hupiga hatua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa haki ya kusoma. Ng'ambo yetu, katika milima ya Usambara, shule ya Irente Rainbow ya ndugu zetu Walutheri huko Lushoto imewafundisha watoto wa namna hii.

Nanyi wakatekista, msiseme, "Huyu hawezi kukariri, basi hana Komunyo." Tumieni picha, ishara na mpangilio usiobadilika kila juma. Mfundisheni kando ya umati, kama Bwana alivyofanya, hata ajue kwa namna yake kwamba mkate huu si kama mkate wa nyumbani. Novemba 2014 Papa Fransisko aliwapokea Vatikano watu wenye usonji na familia zao, akahimiza upweke wao uvunjwe. Upweke huo haliwezi kuuvunja Vatikano peke yake. Huvunjwa katika jumuiya ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba.

Mama yule alirudi. Huketi karibu na mlango wa pembeni. Ngoma zinapoanza, mtoto hutoka na dada yake hadi chini ya mti, kisha hurudi. Bado hasemi. Lakini wakati wa kutakiana amani humpa mkono mtoto mmoja wa kigango, yule aliyejifunza kumngoja. Yeye hakuponywa usonji. Sisi ndio tuliofunguliwa masikio.

Tuombe. Ee Bwana, ulimchukua kiziwi kando ukamgusa. Ufungue masikio yetu, tuwasikie wasiosema, wala asiwepo mtoto wa milima hii atakayeachwa nje ya mlango wako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.