KUDUMU KATIKA IMANI
(Hotuba iliyosemwa Nyamarambe, katika nchi ya Wakisii)



Nimetakiwa kusema nanyi habari ya Mkristo anayepingwa kwa ajili ya imani yake. Neno hili si geni katika nchi hii.

Mwaka 1906 Arthur Carscallen, pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia karibu na ziwa, wakaanzisha misheni ya Waadventista Wasabato. Mwaka 1911 Mapadre wa Mill Hill wakafungua misheni ya Nyabururu, karibu na mji wa Kisii. Wasomaji wa kwanza walikuwa wachache. Aliyekataa pombe ya karamu, au aliyejitenga na sadaka za wahenga, alionekana kana kwamba ameukana ukoo wake.

Ndipo mwezi wa Septemba 1914 Wadachi wakaingia Kisii, vita ikapiganwa. Watu wakadhani kwamba utawala wa Waingereza umekwisha; mji ukaporwa, na misheni ya Nyabururu ikaporwa pia. Siku zile zile mafundisho ya Mumbo, yaliyoanza Alego mwaka 1913, yalikuwa yakienea, hata yakafika Mugirango Kusini. Yalisema kwamba Wazungu watatoweka, na dini yao haina faida. Tusiwacheke waliofuata. Walikuwa wamepigwa na majeshi mwaka 1905, na tena mwaka 1908, nao walitafuta faraja. Lakini fikirini hali ya msomaji aliyebaki bila mwalimu, jirani zake wakimwambia kwamba Mungu wake amekimbia pamoja na wageni! Hapo ndipo ilipojulikana ni nani aliyefuata nguo na kalamu, na ni nani aliyefuata imani. Nyumba ziliporwa, lakini neno lililokwisha kupandwa moyoni halikuweza kuporwa. Kazi ikaanza upya, na leo makanisa yametapakaa katika vilima hivi.

Majirani zetu wa Buganda walijaribiwa kwa ukali zaidi. Katika miaka ya 1885 hata 1887 Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo wengi, na baadhi yao walikuwa watumishi wa baraza lake. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Charles Lwanga na wenzake waliteketezwa. Wakatoliki na Waanglikana walikufa pamoja. Moto haukumwuliza mtu yeyote yu wa kanisa gani. Basi, si aibu kwetu sisi kugombana na kudharauliana kwa ajili ya majina ya makanisa?

Ndugu zangu, siku hizi ni wachache kwetu watishwao kwa moto. Kijana hupingwa na baba yake, mke na mumewe, mfanyakazi na rafiki zake. Nawaambieni, kudumu si ukaidi. Ukikataa pombe ya mjomba wako, usikatae kumpalilia shamba. Ukikataa sadaka kaburini, usikose kuja kuchimba kaburi na kuwafariji wafiwa. Damu ni nzito kuliko maji. Atukanaye wazee wake kwa jina la dini huwapa sababu ya kuichukia dini hiyo. Bali atendaye wema kimya kimya, mwaka baada ya mwaka, huwanyamazisha wampingao, na pengine huwavuta.

Simameni imara, lakini simameni kwa upole.