Mteja Aambiwe Mapema: Mzizi wa Kero za Migahawani



Malalamiko ya watu wanaokula kwenye migahawa ya miji yetu yanafanana: chakula kilichoandikwa kwenye menyu hakipo, kilichoagizwa kinachelewa, bili inakuja imezidi bei iliyosomwa, na mwisho wa yote chenji haipatikani. Tumezoea kuzishughulikia kero hizi mojamoja, na dawa tunayoikimbilia ni kumfundisha mhudumu lugha nzuri. Mada hii inadai kwamba zote zina mzizi mmoja: mteja anaambiwa ukweli wakati hauwezi kumsaidia tena. Anayejua mapema kwamba kuku atachukua saa nzima anaweza kusubiri, kuagiza kingine au kwenda zake. Anayeambiwa baada ya nusu saa hana tena hiari hiyo, na hata chakula kikija kitamu ataondoka na kinyongo.

Tuifuate oda moja. Mteja anachagua samaki wa nazi. Mhudumu anaandika kwenye kikaratasi, anakipeleka kwenye dirisha la jikoni, na hapo ndipo anapoambiwa kuwa samaki wameisha tangu mchana. Anarudi mezani kuomba radhi, mteja anachagua pilau, naye anakwenda tena dirishani kuelezwa kwamba pilau hupikwa siku ya Ijumaa tu. Mteja anaishia kuagiza kuku wa kienyeji, na akiuliza muda anajibiwa "dakika tano tu", kwa sababu hakuna aliyempa mhudumu jibu jingine. Mpishi anajua fika kwamba kuku huyo nyama yake ni ngumu na lazima achemshwe kwanza kabla ya kukaangwa au kuungwa. Taarifa zote hizo zilikuwapo jikoni kabla mteja hajavuta kiti, ila hazikuvuka dirisha. Kumlaumu mhudumu kwa hilo ni kumwonea.

Bili nayo ina kasoro hiyohiyo. Tanzania Bara, kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani ni 18%. Menyu inaposema kwa herufi ndogo kwamba bei haijajumuisha kodi, sahani ya shilingi 20,000 inageuka kuwa ya 23,600, na familia ya watu wanne iliyojipanga kutumia 80,000 inadaiwa 94,400. Kenya kodi hiyo ni 16%, kuna tozo ya utalii ya 2%, na baadhi ya migahawa huongeza gharama ya huduma juu yake. Kodi ni halali na wateja wengi hawana ugomvi nayo. Wanachokilalamikia ni kuifahamu baada ya kula. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Bei kamili ya chakula ni taarifa ya kwanza kabisa katika hizo.

Wenye migahawa wana hoja zao, nazo zinastahili majibu. Wanasema sokoni hali hubadilika kila siku, na menyu haiwezi kuchapwa kila asubuhi. Ni kweli, lakini mama lishe ananunua kwenye soko hilohilo na kero hii kwake ni nadra. Anakutajia kilichopo, wali maharage, wali nyama, ugali dagaa, pamoja na bei yake, na kilichokwisha hakitaji. Ubao na chaki vinatosha kuiga utaratibu huo. Wanasema pia kwamba kutaja muda halisi kutafukuza wateja. Baadhi wataondoka, hasa wenye haraka, lakini hao wangeondoka na hasira baadaye na wasirudi tena, ilhali anayebaki anakuwa ameridhia kungoja. Wengine hutukumbusha kwamba wateja nao wana makosa: hubadili oda ikiwa tayari jikoni na kuwaita wahudumu kwa miluzi. Tabia hizo ni mbaya na zikemewe. Hata hivyo, mwenye kujua kilichomo chunguni na kinachodaiwa kwenye bili ni mgahawa, hivyo wajibu wa kusema unaanzia kwake.

Napendekeza mambo manne. Kabla ya kila zamu, mpishi awaeleze wahudumu kilichopo, kisichopo na muda wa kila chakula, na kinachoisha katikati ya zamu kifutwe ubaoni papo hapo. Menyu iandike bei ambayo mteja atailipa, kodi na tozo zikiwa ndani. Vyakula vinavyochukua zaidi ya nusu saa viwekewe alama. Keshia aanze kazi akiwa na fedha ndogondogo za kutosha, na namba ya malipo kwa simu ibandikwe mezani. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wala mtaalamu kutoka nje; mwenye mgahawa akiamua leo, anaweza kuanza na zamu ya kesho asubuhi.