Maua ya harufu nzuri Masii: hayasinthi hutaka baridi, tuberosi hutaka jua

Maelezo kwa vikundi vya akina mama na vijana, Masii, Kaunti Ndogo ya Mwala



Kikundi kinapotaka kutoa pesa za chama kununua vitunguu vya maua kutoka ng'ambo, jambo la kwanza kuangalia si bei, ni hali ya hewa. Hayasinthi, ua la harufu kali linalokuzwa kwa wingi Uholanzi, asili yake ni Uturuki, Syria na Lebanoni, kwenye milima yenye majira ya baridi kali. Kitunguu chake hakitoi ua zuri kisipopata kwanza baridi ya nyuzi 9 au chini yake kwa wiki 10 hadi 14. Masii haina baridi hiyo, hata mwezi wa Julai. Kikipandwa moja kwa moja shambani, hutoa majani na ua fupi lililodumaa, au kisitoe ua kabisa.

Anayelipenda kwa mapambo anaweza kutumia friji. Vitunguu huwekwa ndani ya mfuko wa karatasi, mbali na maembe, ndizi na parachichi, kwa sababu hewa itokayo kwa matunda yanayoiva huharibu ua likiwa bado changa ndani ya kitunguu. Baada ya wiki hizo hupandwa katika chungu chenye matundu chini, ncha zikichungulia juu ya udongo, na kuwekwa mahali penye ubaridi na kivuli hadi vichipue. Kwa joto la Masii, vitunguu hivyo visitarajiwe kuchanua mwaka wa pili. Hayasinthi ni pambo la dirishani, si mtaji wa kikundi.

Pia isichanganywe na gugumaji linalosumbua wavuvi wa Ziwa Victoria. Kwa Kiingereza majina hufanana, lakini mimea ni tofauti. Gugumaji lisitiwe kamwe katika bwawa.

Ua linalofaa zaidi

Tuberosi asili yake ni Mexico. Hupenda jua, maua yake ni meupe, na harufu yake huzidi jioni. Hulimwa pia na wakulima wadogo humu nchini kwa ajili ya soko la maua.

Kupanda mwanzoni mwa mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Ukambani ndizo hutegemewa zaidi, hupunguza safari za kuteka maji. Udongo uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Kitunguu kifukiwe sentimita 5 hadi 7, na nafasi kati ya kimoja na kingine iwe sentimita 20. Asiye na shamba atumie ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Mvua ikikatika, maji yaliyooshea mboga yanatosha kuanzia, mradi udongo usituame.

Maua hutoka baada ya miezi 3 hadi 5. Hukatwa asubuhi na mapema, vikonyo viwili vya chini vikianza kufunguka. Kitunguu kilichochanua hakirudii, lakini huacha watoto pembeni. Majani yakikauka, hung'olewa, huanikwa kivulini na kupandwa tena. Hivyo kikundi huanza na vichache na kuongeza mbegu bila kununua tena.

Mambo matatu ya tahadhari

Kwanza, mnunuzi atafutwe kabla ya kupanda kwa wingi, kwani ua lililokatwa halisubiri kwenye joto.

Pili, vitunguu vya maua kutoka nje ya nchi huhitaji kibali cha KEPHIS kabla ya kusafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi vinakotoka. Kifurushi kisicho na karatasi hizo kinaweza kuzuiwa, na pesa za chama zikapotea.

Tatu, na hili ni la kila nyumba: kitunguu cha hayasinthi hufanana na kitunguu cha kupikia, lakini ni sumu kwa watu na mifugo, na huwasha ngozi. Kisihifadhiwe jikoni. Kiwekewe alama, kiwe mbali na watoto na mbuzi, na kishikwe kwa glavu.

Kabla ya kutoa pesa, kikundi kimwone afisa wa kilimo wa wadi.